Sarafu Haichomwi Bambo

Nakumbuka alasiri moja ya msimu wa mpunga, hapa hapa Mbugani, nimekaa chumbani kwangu mlango nimeurudisha, nimeshika tupa ya kunolea kwa mkono wa kulia, na katikati ya magoti nimebana sarafu ya fedha ambayo haikuwa yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mjuzi wa mchele na mjuaji wa kila kitu kingine, na hapakuwa na mtu wa kunishika mkono akaniambia, "Atupele, weka hicho kitu chini."

Mwanangu, juzi umeniuliza kama hizi sarafu za ukumbusho zina faida, maana umeona watu wanaziuza kwenye simu na wewe umepata vijisenti vya kakao vinakuwasha mfukoni. Nitakujibu. Ila jibu langu linaanzia mbali, kwa hiyo vuta kigoda ukae. Chai ipo, na mvua hii haiishi leo.

Miaka ile ndiyo soko huria lilikuwa linaingia. Kabla ya hapo mchele tuliupitisha kwa kuibia, gunia limefunikwa mikungu ya ndizi, roho mkononi kila tulipokaribia kizuizi. Halafu ghafla ikawa ruksa. Malori yakafika mpaka Mwaya kupakia, wageni wakajaa Kyela, na pamoja na wageni wakaja matapeli. Weh! Watu waliuziwa saa zisizo na mashine ndani. Waliuziwa dawa za kukuza ng'ombe zilizokuwa unga wa muhogo. Nasi wachuuzi wa mchele tukajifunza kutomwamini hata aliyetuzaa, na silaha yetu ilikuwa bambo.

Bambo unalijua, kile kichuma chenye mfereji na ncha kali. Unalichomeka kwenye gunia, mchele unatiririka kiganjani, unautazama, unaunusa, unatafuna punje mbili. Mimi langu nililining'iniza kiunoni kama mwanamke mwingine anavyofunga funguo, na chumbani niliweka tupa ya kulinolea. Gunia sikulinunua bila kulichoma juu, kati na chini. Sokoni waliniita Mama Bambo, na wanaume walinitania, "Mama Bambo, na mchumba akija utamchoma?" Nami nawajibu, "Tena wa kwanza!" Tunacheka. Lakini ndivyo nilivyokuwa kweli, na nilijivunia.

Sasa, mkabala na nyumba yangu alikuwepo Mzee Mfaume. Babu yake alitoka Kilwa, na yeye mwenyewe aliuza vitambaa, kanga na kofia katika duka la vyumba viwili. Mjane, mpole, mwenye maneno machache. Dini zetu zilikuwa mbali, mimi wa kwaya na yeye wa msikiti, lakini sikukuu yake nilikula pilau na sikukuu yangu alikula wali wa Kyela. Aliniita binti yangu.

Mzee yule alikuwa na jambo lake moja ambalo wengi walilicheka. Alikusanya sarafu. Si hizi za kununulia chumvi, la. Zile zinazotolewa na benki za nchi kwa ukumbusho, za fedha halisi, zenye sura ya mkuu wa nchi upande mmoja na mnyama au jambo la kukumbukwa upande wa pili. Alikuwa nazo kumi na mbili, za kwetu, za Malawi, za Zambia na kwingineko, amezikusanya moja moja kwa miaka mingi kila alipofunga safari ya kufuata bidhaa. Kila moja ilikaa ndani ya kifuko chake kigumu cha plastiki kilichofungwa, na karatasi yake ya benki imekunjwa chini. Zote ndani ya kisanduku cha mbao chenye kitambaa cha bluu.

Siku aliyonionyesha mara ya kwanza nilicheka. "Mzee, imeandikwa shilingi hamsini! Siku hizi hainipi hata kilo ya mchele."

"Iliyoandikwa ni jina lake tu, binti yangu. Bei yake ni nyingine." Akaigeuza ile sarafu, yenye picha ya kifaru, ameishika kwa leso safi, tena ukingoni tu. "Fedha iliyomo ndani ina bei yake duniani, inapanda na kushuka. Halafu zilitengenezwa chache. Hayo mawili aliyafanya aliyeitengeneza. Lakini kuna la tatu, kwamba haijaguswa, na hilo nimelifanya mimi, kila siku, kwa kutofanya kitu."

Nilimwona mzee wa ajabu. Kutofanya kitu ndiyo kazi?

Mwaka ule alikuwa amejaliwa jina lake kuingia katika msafara wa Hija. Ni jambo aliloliomba tangu ujana, na afya ilianza kumchenga, magoti yalimuuma, kwa hiyo alijua asipokwenda sasa huenda asiende tena. Nauli alikuwa amedunduliza, kilichopungua angekipata kwa kuuza zile sarafu. Tayari alikuwa na mnunuzi, bwana mmoja mkusanyaji wa kule Lusaka, ambaye angefika Jumamosi. Bwana huyo alizitaka zote, lakini kilichomtoa kwao kilikuwa ile ya kifaru.

Jumatatu Mzee Mfaume akaja kwangu na kisanduku kimefungwa ndani ya kanga. Alikuwa anapanda Mbeya kufuatilia pasi ya kusafiria, angerudi Ijumaa, na nyumba yake ingebaki tupu. "Niwekee amana hii," akasema. "Wewe ndiye jirani yangu."

Nikapokea kwa mikono miwili. Na hapa ndipo kosa lilipozaliwa, mwanangu. Mazoea yangu yaliniambia, fungua mbele yake, mhesabiane, mtazamane machoni. Lakini haya ikanikataza. Nikaona nitamvunjia heshima mtu mzima. Kuuliza si ujinga, lakini mimi nikanyamaza, nikakitia kisanduku sandukuni kwangu chini ya vitenge.

Jumanne ikapita salama. Jumatano akaja rafiki yangu Tamanda, tuliyekuwa tukichuuza pamoja. Mama yake ni wa Karonga, Malawi, kwa hiyo ndugu zake wako pande zote mbili za mto Songwe, na umbeya wa pande zote mbili anao yeye. Nikamweleza habari za amana yangu. Nilitaka kujisifu tu, kwamba ninaaminiwa.

Tamanda akaweka kikombe chini. "Umezihakikisha?"

"Nizihakikishe za nini?"

"Ooo, Atu! Mama mdogo wangu aliuziwa bangili ya fedha, imepakwa juu tu, ndani shaba. Sasa sikiliza. Huyo mzee naye aliuziwa, hajui. Jumamosi mnunuzi anapima, anakuta ni shaba. Mzee atasema nini? Atasema zangu zilikuwa nzuri, zimelala siku nne kwa Atupele. Nani atakuamini?"

Akamaliza chai yake akaenda zake kuvuka mto. Mimi akaniacha na moto kifuani.

Sikupika siku ile. Nilizunguka ndani, nikatoka uani, nikarudi. Nilijiona nimesimamishwa sokoni, Mama Bambo mwizi, watu wananizomea. Jina langu lilikuwa ndiyo mtaji wangu wote. Nikasema, nitatazama tu. Nikafungua kisanduku. Nikatoa ile ya kifaru kwa sababu ndiyo iliyobeba bei. Nikaipima kwa kiganja, nzito. Nikaigonga mezani ikiwa ndani ya kifuko, haikuniambia kitu. Nikachukua kisu nikabandua kifuko. Nikaidondosha juu ya sakafu, ikalia vizuri. Mtu mwenye akili angekomea hapo. Lakini shaka, mwanangu, haishibi. Ukiilisha jambo moja inataka la pili.

Nikafikiri, ukingoni hapaonekani. Gunia nalichoma kila siku na hakuna anayelalamika.

Ndipo nikachukua tupa.

Mara tatu tu. Krr, krr, krr. Nikainamisha kichwa kwenye mwanga wa dirisha. Ndani palikuwa peupe kama nje. Fedha tupu mpaka ndani. Nilifurahi, nakwambia! Nilishusha pumzi kama mtu aliyefutiwa kesi. Furaha ile ilidumu labda muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kisha nikapapasa kidole ukingoni, nikakuta kovu.

Ukilichoma gunia kisha ukachomoa bambo, unalikuna kidogo kwa ncha, nyuzi zinakutana, tundu linaziba na mchele haumwagiki. Ndivyo nilivyozoea, kwamba kupima hakuna gharama. Sarafu haina nyuzi. Nikaanza kuhangaika. Kovu lilimeremeta kuliko sehemu nyingine, nikaona nisugue sarafu nzima ifanane. Sisi Wanyakyusa na usafi wetu, sufuria tukiona limefifia hatulali! Nikachukua majivu na ndimu, nikasugua kifaru pande zote mpaka akang'aa, na nilipomtazama vizuri, ule wekundu hafifu wa uzee uliokuwa umemtanda ulikuwa umeondoka, na mikwaruzo midogo midogo imejaa mwili mzima. Mama yangu! Nikairudisha ndani ya kifuko, nikabana kingo kwa nta ya mshumaa, nikakilaza kisandukuni kovu likiwa chini.

Ijumaa jioni Mzee Mfaume akarudi na pasi yake, uso umekunjuka. Nikamkabidhi kisanduku. Nilisimama pale mlangoni nikisubiri akifungue. Angekifungua ningesema, naapa ningesema.

Hakukifungua. "Hutazami, Mzee?" nikamuuliza.

"Nikifungua mbele yako nitakuwa nimekutukana," akasema. "Ndaga fijo, binti yangu." Alipenda kunishukuru kwa lugha yetu, ingawa aliitamka kipwani. "Kesho saa nne uje, uwe shahidi wangu."

Nilikwenda. Ningekataa kwa sababu gani? Mnunuzi alikuwa bwana mnene, mstaarabu, mwenye kioo kidogo cha kukuzia alichokibana jichoni. Alitandika kitambaa cheusi juu ya meza ya kupimia vitambaa akaanza kutoa sarafu moja moja. Kila moja aligeuza, akasoma karatasi yake, akaitikia kwa kichwa. Mzee alikaa na tasbihi, anatabasamu. Mimi nilihesabu zilizobaki. Tano. Nne. Nilitamani paa liezuke. Tatu. Bambo langu kiunoni lilikuwa zito kuliko siku zote.

Ile ya kifaru aliiacha ya mwisho, kama mtu anavyoacha kipande cha nyama. Akaitoa. Nta ikambandukia kidoleni. Akaigeuza, akaipeleka mlangoni kwenye jua. Aliporudi uso ulikuwa umebadilika.

"Mzee, nani ameipiga tupa sarafu hii?"

Mzee Mfaume akaipokea kwa leso. Akatazama ukingo kwa muda mrefu. Kisha macho yake yakapanda taratibu, yakafika kiunoni kwangu, yakasimama kwenye ile ncha ya bambo iliyonolewa vizuri. Usoni hakunitazama. Nilifungua kinywa. Mwanangu, nilikifungua kabisa! Neno halikutoka.

"Imetokea ikiwa mikononi mwangu," Mzee akasema.

"Na imesuguliwa. Pole sana. Hii sasa ni uzito wa fedha tu, mimi siihitaji." Bwana yule alichukua kumi na moja, kwa bei ambayo haikufika pale palipohitajika, akaaga akawahi basi la Mbeya. Mzee akaifunika sarafu iliyobaki kwa leso. Akaniambia, "Ndaga, binti yangu, umeshuhudia." Nikatoka.

Ningerudi jioni ile. Sikurudi. Jumapili nikaimba kwaya, sauti ya kwanza. Wiki nzima nilipita uchochoroni ili nisikatize mbele ya duka lake. Nilijiambia, nikiuza mzigo wangu nitamrudishia bila kusema, nitasema ni zawadi. Lori likachelewa, barabara ilikuwa tope tupu. Zikapita wiki tatu. Mzigo ulipouzwa nilifunga zile noti ndani ya kitenge, nikavuka njia.

Nilimkuta anapanga vitambaa. Shuka mbili nyeupe za ihramu alizokuwa amejitengea kuvaa Hija alikuwa amezirudisha rafuni, na juu amebandika bei. Nikapiga magoti, nikasema yote, kuanzia chai ya Tamanda mpaka majivu. Nikaweka kitenge miguuni pake.

Akaacha niseme mpaka mwisho. Kisha akaketi. "Nilijua tangu Jumamosi ile. Kyela nzima nani mwingine ana tupa na mashaka kiasi hicho?" Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Yeye hakucheka. "Nilikusubiri Jumapili. Nilikusubiri Jumatatu. Wakubwa wa msafara walinipa siku saba nitimize. Ungekuja, tungekaa, tungeshauriana, tungeuza mchele wako hapa hapa kwa bei yoyote, ningewaandikia ndugu zangu Kilwa. Lakini ningeomba msaada wa nini, wakati mwenye kosa hajasema kuna kosa? Tupa yako ilikula ukingo mdogo tu, Atupele. Kimya chako ndicho kilichokula safari yangu."

"Nenda mwakani, Mzee. Hela hizi hapa."

"Tukijaliwa," akasema. Hakuniambia neno lingine la ukali, si siku ile wala baadaye. Pilau ya sikukuu aliniletea kama kawaida.

Hatukujaliwa. Mvua za mwaka uliofuata zilimkuta hainuki kitandani, na kabla mpunga haujakomaa tulimzika. Zile hela, ambazo siku ile hakuzipokea, nilizipeleka kwa binti yake, Mwanaidi, aliyetoka Kilwa kwa ajili ya matanga. Akazipokea. Naye akanipa kisanduku cha mbao. "Baba alisema hiki ni chako."

Ndani ilikuwemo sarafu moja, kifaru wangu, na kovu lake. Karatasi ya benki haikuwepo. Badala yake palikuwa na karatasi aliyoiandika Mzee mwenyewe, kwa mkono uliokwisha kutetemeka: *Hii ni fedha halisi mpaka ndani. Shahidi: Atupele.*

Nililia mpaka waombolezaji wakadhani nimechanganyikiwa. Hata sasa nikiisoma sijui kama alinisamehe au alinichapa, na nadhani alifanya yote mawili.

Ndiyo hii hapa. Ishike. Hapana, si hivyo, shika ukingoni! Papasa, umelisikia kovu? Mara tatu tu.

Sasa nikujibu. Ukitaka kukusanya, kusanya. Lakini usinunue kwa hela ya mbegu wala ya ada, kwa sababu kitu hiki ni cha miaka mingi na njaa haina subira. Uliza kwanza kama ni fedha kweli, maana nyingi za ukumbusho siku hizi ni chuma cha kawaida kilichovikwa sifa, na mpelekee anayejua kupima bila kuumiza, kabla hujalipa. Tunza karatasi yake kama unavyotunza hati ya kiwanja. Usiisugue hata ikififia, uzee wake ni sehemu ya bei yake. Bei ya fedha itapanda, itashuka, na atakayekuambia anajua itakuwa wapi baada ya miaka kumi, mpishe apite.

Lakini hilo ni jibu la sarafu, na mimi sikukuketisha kwa ajili ya sarafu peke yake. Nimesikia umemtuma rafiki yako amtongoze mchumba wako kwa simu uone kama atakubali. Umeshtuka? Kyela ndogo. Mwanangu, bambo ni la gunia. Kuna vitu ukivipima hivyo utapata jibu, tena huenda likawa zuri, na kitu chenyewe umeshakiharibu. Una shaka, muulize mwenyewe, uso kwa uso, kama nilivyopaswa kufungua kile kisanduku mbele ya mwenyewe. Na kama tupa imeshapita, basi leo hii, kabla giza halijaingia, nenda kwake ukaseme. Usingoje lori. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta hazijengeki, mwenye nyumba ameshaondoka.

Haya, mvua imepungua. Mungu akupe kitu kizuri cha kutunza, na jirani wa kukutunzia. Akupe mikono isiyo na pupa. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akupe miguu myepesi ya kuvuka njia ungali na mtu wa kumwambia. Nenda salama, mwanangu, na ukifika kwa huyo binti, anza wewe kusema.